Uvira: Injini kubwa ndani ya mwili wa zamani, somo la meli Liemba

UVIRA – Mwaka 1997, maelfu ya Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita ya kumwondoa Mobutu walirudi kwao kwa njia ya ziwa. Kwa muda wa miezi 5, meli moja iliyokodiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Wazee, wamama wenye watoto mgongoni, magodoro, masufuria, vyote vilishuka hapa upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika.

Meli hiyo ni MV Liemba. Ilijengwa mwaka 1913. Ilipigana vita kuu ya kwanza ya dunia, ikazamishwa, ikakaa chini ya maji miaka mingi, ikainuliwa, ikarudishwa kazini. Na injini iliyowaleta wakimbizi wale nyumbani haikuwa ile ambayo meli ilizaliwa nayo. Ya kwanza ilikuwa ya mvuke. Iliyowabeba ilikuwa ya mazutu.

Kazi hiyo ya kutoa moyo wa zamani na kutia mwingine ndiyo ileile inayofanywa kila siku katika magaraji ya Uvira na kwenye fukwe ambapo boti za mbao zinatengenezwa. Gari limechoka, mwenye gari anataka moteri kubwa zaidi. Boti inaenda polepole, mwenye boti anataka nguvu za farasi ziongezwe. Mara nyingi swali ni moja tu: injini hiyo itapatikana kwa bei gani? Historia ya Liemba inaonyesha kwamba swali la kwanza lingepaswa kuwa lingine: je, mwili utaibeba?

Kwa nini watu wanatafuta injini kubwa

Hamu ya injini kubwa katika Kivu Kusini si ya kujionyesha tu. Ina sababu, na sababu ya kwanza ni milima.

Ziwa Tanganyika liko kwenye urefu wa mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500. Anayetoka Uvira kwenda Bukavu kwa barabara ya kitaifa namba 5 anavuka uwanda wa Ruzizi, anafika Kamanyola, kisha anaanza kupanda miteremko mikali ya Ngomo kuelekea Nyangezi. Na kadiri gari linavyopanda, hewa inapungua uzito. Injini inahitaji hewa ili kuchoma esansi ama mazutu. Ile isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Maana yake, injini iliyopimwa kwenye usawa wa bahari inafika Uvira ikiwa tayari imepungua kidogo, na ikifika Bukavu imepoteza karibu asilimia 15.

Kwa hiyo dereva anayesikia gari lake likilia katika mlima hadanganyiki. Nguvu imepungua kweli. Ongeza abiria, magunia ya unga na vidumu vya mafuta ya mawese, na utaelewa kwa nini anaota injini yenye ujazo mkubwa zaidi.

Sababu ya pili ni umri wa magari. Mengi yanayotembea Uvira yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na usukani wake bado uko upande wa kulia. Mwili wa Toyota unaweza kudumu kuliko injini yake. Injini ikifa, fundi hatafuti lazima ileile: anatafuta inayopatikana. Hapo ndipo mtu anajiambia, kama ni kubadilisha, basi tuweke kubwa.

Kubwa kwa ujazo si lazima iwe na nguvu zaidi

Chukua mfano wa gari moja dogo la mbio ambalo wapenda magari duniani wanalifahamu: Toyota Corolla Levin na ndugu yake Sprinter Trueno, zilizotengenezwa kati ya 1983 na 1987, zenye namba ya mwili AE86. Gari hilo lina uzito usiofika sana tani 1, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake, 4A-GE, ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,587 tu.

Katika miaka ya 1990 Toyota ilitoa injini nyingine ya ukoo huohuo, 7A, iliyowekwa katika Carina na Corolla za aina nyingi. Upana wa silinda ni uleule, milimita 81. Kilichobadilika ni safari ya pistoni: katika 4A ni milimita 77, katika 7A ni milimita 85.5. Kwa tofauti hiyo peke yake, ujazo unapanda kutoka 1,587 hadi 1,762. Mtu anayeangalia namba hizo haraka anaona jibu rahisi: toa 4A, weka 7A, gari litaruka.

Mambo hayaendi hivyo. 7A ya kawaida ilitengenezwa kwa gari la familia. Inavuta vizuri kwa mzunguko wa chini, jambo zuri kwa mlima na mzigo, lakini kwa nguvu za farasi haiishindi 4A-GE, ambayo ni ndogo lakini inapumua vizuri zaidi na kuzunguka kwa kasi zaidi. Wanaotaka faida zote mbili wanachukua mwili wa chini wa 7A na kuufunga kichwa cha juu cha 4A-GE. Na hapo kazi inaanza kuzaa kazi. Mwili wa 7A ni mrefu zaidi kwenda juu, kwa hiyo mkanda wa kuunganisha mzunguko wa chini na wa juu wa injini lazima uwe mrefu zaidi. Pia 7A ilizoea kulala kwa upana katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, huku AE86 inataka injini isimame kwa urefu. Bakuli la oili, vyuma vya kushika injini kwenye shasi, mabomba ya maji, yote yanapaswa kutazamwa upya.

Injini mpya haiji peke yake. Inakuja na orodha.

Orodha ambayo mteja hapendi kusikia

Orodha hiyo inaanza na vyuma na mipira vinavyoshika injini. Injini nzito zaidi ikifungwa kwa vishikio vya injini nyepesi, itatikisika mpaka itakata vishikio, ama itapasua sehemu ya shasi iliyoliwa na kutu.

Inayofuata ni klachi, gia na shafti. Vifaa hivi vilipimwa kwa msukumo fulani. Msukumo ukizidi, kifaa dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachovunjika kwanza, na kwa kawaida kinavunjika mlimani, gari likiwa limebeba, mbali na fundi.

Radiateri nayo inaingia katika orodha. Injini inayochoma mafuta mengi zaidi inatoa joto zaidi. Katika joto la Uvira, radiateri ndogo ya zamani inaweza kuvumilia asubuhi na kushindwa saa saba za mchana. Dereva anaona mshale wa joto unapanda, anasimama kutia maji, anaendelea. Siku moja kichwa cha injini kinapinda, na pesa yote ya kubadilisha inakuwa imepotea.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni freni, na ndizo zinazoua. Nguvu iliyomo katika gari linalokimbia haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikiongezeka mara 2, nguvu ambayo freni inapaswa kuizima inaongezeka mara 4. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 90, ambayo machoni pa dereva ni tofauti ndogo, freni inapata kazi zaidi ya mara 2. Injini mpya inalipeleka gari kwenye kasi ambayo freni zake hazikuwahi kuizoea. Kwenye miteremko ya Ngomo, kutoka karibu mita 1,500 hadi chini ya mita 1,000, freni zenye joto zinapoteza mshiko, na mguu wa dereva unafika chini bila jibu.

Kuna pia mafuta na karatasi. Injini kubwa inakula zaidi, hata gari likitembea tupu. Na karatasi za gari na za bima zilitolewa kwa gari lenye injini fulani. Ajali ikitokea, gari ambalo halifanani tena na karatasi zake linampa mwenyewe shida ya pili juu ya ile ya kwanza.

Fundi mwaminifu anamsomea mteja orodha yote kabla ya kufungua kifuniko cha gari. Mteja anayetaka injini tu, bila orodha, anajinunulia nusu ya gari.

Magari ya mbio ya ziwa

Ziwa Tanganyika lenyewe lilikuwa na somo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1915, Wajerumani ndio waliotawala maji ya ziwa kwa meli zao zilizokaa Kigoma. Waingereza waliamua kuleta boti 2 ndogo za mbao zenye kasi, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi na injini 2 za esansi zenye nguvu za farasi 100 kila moja. Zilisafirishwa kwa meli mpaka Afrika Kusini, kisha kwa treni, kwa kuvutwa porini na kwa mto, hadi upande wa Lukuga, ambapo leo kuna mji wa Kalemie. Kama ziwa limewahi kuwa na magari ya mbio, ndizo hizo.

Katika majaribio kule Uingereza boti hizo zilikimbia maili 19 za bahari kwa saa. Lakini mwili wake haukujengwa kwa vita. Baada ya kuwekewa mizinga na mizigo, kasi ilishuka sana, na mzinga wa mbele ulipaswa kupigwa ukielekea mbele moja kwa moja, kwa sababu mbao zisingevumilia kishindo cha pembeni. Zilishinda hata hivyo. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata boti ya mvuke ya Wajerumani iitwayo Kingani, na Februari 1916 Waingereza na Wabelgiji walizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Kingani iliyokamatwa ilipewa jina la Fifi na ikatiwa mzinga mkubwa kuliko ule wa kwanza. Masimulizi ya vita yanasema kila mara mzinga huo ulipopigwa kuelekea mbele, kishindo chake kilitosha karibu kuisimamisha boti yote majini. Kifaa kilikuwa na nguvu kuliko mwili uliokibeba.

Liemba: mwili uliopewa nafasi

Meli kubwa ya Wajerumani haikuguswa na Mimi wala Toutou. Iliitwa wakati huo Graf von Götzen. Ilijengwa katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena vipandevipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa bahari na kisha Kigoma kwa reli. Pale ikaunganishwa upya, na ikaingia majini tarehe 5 Februari 1915. Ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10.

Wakati Wajerumani walipolazimika kuacha Kigoma, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916 ili adui asiichukue. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini zake grisi nzito. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kwamba chuma kinaweza kuwa na kesho.

Kesho hiyo ilikuja. Mwaka 1924, Waingereza waliokuwa wakitawala Tanganyika waliiinua meli. Baada ya miaka mingi chini ya maji, injini na matangi ya mvuke vilikuwa bado vinaweza kutumika. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba, jina la zamani la ziwa kwa wakaaji wa upande wa kusini.

Kwa hiyo mtu angeweza kusema injini ile ilikuwa imeonyesha uimara wa kutosha, iachwe. Iliachwa kweli, kwa karibu nusu karne. Katika miaka ya 1970 ndipo uamuzi wa kubadilisha ulifika: mvuke utoke, mazutu iingie.

Nini hubadilika mvuke ukitoka

Ukitazama kutoka nje, kubadilisha injini ya mvuke kwa ya mazutu ni kama kutupa jiko la kuni na kuweka la gesi. Ndani ya meli ni jambo kubwa zaidi.

Injini ya mvuke haiko peke yake. Ina matangi ya kuchemsha maji, mahali pa kuweka kuni ama makaa, mabomba, na watu wa kulisha moto usiku na mchana. Vyote hivyo ni vizito na vinakaa chini kabisa ya meli. Uzito huo wa chini ndio unaosaidia meli isimame wima mawimbi yakija. Ukiutoa na kuweka injini nyepesi, meli inaelea juu zaidi, na uzito wa abiria na mizigo ya juu unapata nguvu ya kuiyumbisha. Ndiyo maana mafundi wa meli hupiga hesabu ya mizani upya kila mara kitu kikubwa kinapotolewa ama kuwekwa, na ikihitajika huongeza uzito chini.

Mzunguko nao ni tofauti. Injini ya mvuke huzunguka polepole na kwa nguvu. Injini ya mazutu ya ukubwa huo huzunguka haraka zaidi. Panga la chini ya maji linapenda mzunguko wa polepole. Kati ya hivyo viwili lazima kuwe na gia za kupunguza mzunguko, na panga lenyewe lichaguliwe kulingana na injini mpya. Panga lisilolingana linachemsha maji na kumaliza mafuta bila kusukuma meli.

Faida ilikuwa wazi. Kuni haziliwi tena, nafasi inapatikana, watu wachache wanatosha kwenye chumba cha injini, na meli inaweza kuondoka bila kungoja maji yachemke. Lakini faida hiyo ilipatikana kwa sababu meli yote iliguswa, si injini peke yake. Na hata hapo kazi haikuisha. Mwaka 1993 Liemba ilifanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Miaka 4 baadaye, ilikuwa inashusha watu Uvira.

Mwaka 2015 ikaitwa tena. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko nchini mwao walikuwa wamejaa katika kijiji kidogo cha Kagunga, kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi, mahali penye milima nyuma na maji mbele. Ugonjwa wa kipindupindu ulikuwa umeanza. Liemba iliwachukua watu 600 hivi kwa kila safari kuwapeleka Kigoma. Meli iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 100 haikuchaguliwa kwa kasi. Ilichaguliwa kwa sababu ilikuwepo, na mwili wake uliweza.

Hesabu ya boti za mbao

Kati ya Uvira, Baraka, Fizi na Kalemie, watu wengi hawana Liemba. Wana boti za mbao zenye injini ya kufunga nyuma. Barabara ikiharibika kwa mvua ama ikifungwa kwa vita, boti ndiyo barabara. Kwa hiyo shauri la kuongeza injini linagusa maisha ya watu moja kwa moja.

Maji yana sheria yake, na ni kali kuliko ya barabara. Kwa chombo kinachokata maji kikiwa kimebeba, nguvu inayohitajika inapanda karibu na mara 3 za kasi kujizidisha zenyewe. Kwa maneno rahisi: ukitaka kuongeza kasi kwa asilimia 10 tu, unahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 33 hivi. Ukitaka kasi mara 2, unahitaji nguvu karibu mara 8. Mwenye boti anayenunua injini yenye nguvu mara 2 akitumaini kufika kwa nusu ya muda atashangaa: muda unapungua kwa karibu sehemu moja tu kati ya tano, na bili ya esansi inapanda.

Tena injini nzito inakaa nyuma kabisa. Nyuma inazama, ubao wa nyuma unakaribia maji, na wimbi linalofuata boti linapata mlango. Msukumo na mtikisiko vinalegeza misumari na pamba ya kuziba kati ya mbao. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini ukivuma kwa urefu wote wa ziwa, boti iliyokuwa salama kwa injini ndogo inaweza kuanza kuingiza maji kwa injini kubwa.

Lakini hatari kubwa iko kichwani mwa watu. Injini kubwa inampa mwenye boti imani kwamba sasa anaweza kupakia zaidi. Injini inaweza kuvuta, ndiyo. Haiwezi kuinua. Kinachoibeba mizigo na watu ni mwili wa boti, na mwili haukuongezwa hata kwa sentimita moja.

Wakaaji wa kandokando ya maziwa haya wanajua gharama. Desemba 2014, MV Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, na watu zaidi ya 100 wakafariki. Wakuu walitaja mzigo uliozidi na upepo mkali. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangoja ndugu zao. Makumi ya watu walikufa. Hapo pia ilisemwa kwamba boti ilikuwa imejaa kupita kiasi. Ajali hizo hazikutokana na upungufu wa nguvu za farasi.

Maswali kabla ya kufungua bolti ya kwanza

Hakuna kitu kibaya katika kutia injini kubwa ndani ya mwili wa zamani. Liemba ni ushahidi, na maelfu ya magari duniani pia. Kazi ikifanywa vizuri, inaokoa chuma kizuri kisitupwe, na inamwezesha mtu mwenye pesa kidogo kuendelea kufanya kazi. Ila inataka utaratibu.

Kwa gari: kwanza shasi isafishwe na kuchunguzwa, kutu na nyufa zote zionekane. Kisha freni zitazamwe kabla ya injini, si baada yake. Radiateri, klachi na gia viwekwe katika bei ileile ya mwanzo. Mwenye gari akikosa pesa ya orodha yote, ni heri aitengeneze vizuri injini ya ukubwa uleule. Injini ya zamani iliyofunguliwa na kurudishwa vizuri inapanda mlima kuliko kubwa iliyofungwa nusunusu.

Kwa boti: mwili upimwe na mtengenezaji wa boti, si na muuza injini. Alama ya mwisho wa mzigo iwekwe ubavuni, na isisogezwe juu kwa sababu injini mpya imefika. Nguo za kuelea ziwe ndani kabla ya vidumu vya ziada vya esansi.

Liemba yenyewe, katika miaka ya karibuni, ilisimamishwa kazi ili ikarabatiwe tena. Mwili wa chuma uliosafiri katika masanduku karibu 5,000 ulipaswa kutazamwa upya, ubao kwa ubao, bamba kwa bamba. Hapo ndipo umri wake mrefu unapoeleweka. Kila injini iliyoingia ndani yake iliikuta meli ambayo mtu alikuwa ameipima kwanza.

Wale waliopanda Kigoma mwaka 1997 na kushuka Uvira hawakuuliza nguvu za farasi ni ngapi. Walitaka kufika. Walifika.